Shangazi Wawili na Birika Moja

Usiku wa kuamkia Jumapili nililala na hasira, na nilipofumba macho tu nikajikuta nimesimama uwanjani, mchana wa jua kali, kwenye harusi ya watu nisiowajua.

Niseme kwanza hasira ilitoka wapi. Naitwa Nakiete. Nalima tangawizi Mamba, kule milimani Same, na nina kaka mmoja, Mbonea, anayeishi Dar es Salaam. Binti yake Nanzia anaolewa mwisho wa mwezi huu. Mimi ndiye shangazi yake, hana mwingine. Jumamosi jioni walinitumia ratiba ya harusi kwenye simu, nikaisoma mara tatu. Mpambaji yumo. Mpiga picha yumo. Kuna dakika ishirini za kukata keki na dakika ishirini nyingine za kulishana hiyo keki. Shangazi hayumo.

Nikampigia kaka. Akasema, "Dada, kamati imebanwa na muda. Wewe njoo tu, ukae, ufurahi."

Nikamwambia siji. Nikakata simu, nikalala.

Basi, uwanjani. Kulia kulikuwa na bahari, kushoto kulikuwa na milima yenye ukungu, na katikati watu wengi waliovaa vizuri walikuwa wakitazama saa zao. Mwanamke mmoja mnene, ua sikioni na mkeka kiunoni, alinijia mbio.

"Umechelewa, wifi," akaniambia. "Mimi ni Lupe, mama wa bwana harusi. Sisi ni Watonga wa visiwani, kule bahari kuu. Bibi harusi ni Mchina. Wewe ndiye shangazi."

"Shangazi wa nani?"

"Wa mwanangu Lopeti. Dada ya baba yake amekwama safarini, visiwa vyetu viko mbali. Na kwetu hakuna harusi bila dada ya baba. Tukatangaza tunatafuta shangazi asiye na kazi, jina lako likatoka la kwanza."

Alikuwa akisema Kitonga na mimi nilikuwa nikisikia Kipare. Hakuna aliyeshangaa.

"Mimi ni Mpare," nikamwambia.

"Una kaka?"

"Ninaye."

"Kaka yako ana mtoto?"

"Anaye."

"Basi inatosha."

Akaniletea mkeka wa kufunga kiunoni. Ulikuwa mkuukuu, umetoboka pembeni, na nyuzi zinaning'inia.

"Huu umechakaa," nikasema.

"Na wewe je?" mkeka ukajibu.

Ukajifunga wenyewe kiunoni mwangu, ukajikaza. "Nina miaka mia na kumi," ukaniambia. "Nimevaliwa na bibi, na mama yake bibi, na mama yake huyo. Kadiri ninavyochakaa ndivyo ninavyoheshimiwa. Simama wima."

Nikasimama wima. Nina miaka hamsini na nane, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo zuri hivyo kuhusu kuchakaa.

Wananipeleka kwenye kiti changu. Si kiti, ni rundo la mikeka myororo na vitambaa vya magome ya mti vilivyochorwa maua ya kahawia. Nakaa. Rundo linaanza kupanda. Linapita vichwa vya watu, linapita mabati ya ukumbi wa pembeni, linasimama pale ambapo kunguru hupumzika.

"Lupe!" naita. "Mbona juu hivi?"

"Dada yuko juu ya kaka," Lupe anajibu kutoka chini, mikono kiunoni. "Ni utaratibu tu, wifi. Usiangalie chini ukasikia kizunguzungu."

Wakati huohuo nikamwona kaka yangu Mbonea akiingia uwanjani na faili la kamati kwapani. Sijui alifikaje. Alipopiga hatua ya pili ukuta uliota kati yetu, wa matofali, umepigwa plasta kabisa.

"Kwa Watonga kaka na dada hawakai mahali pamoja," ukuta ukasema bila ukali wowote. "Ni heshima."

"Dada!" Mbonea akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Nimekuja na ratiba!"

"Kaa nayo hukohuko," nikamjibu. Nilijisikia vizuri sana.

Lupe akanieleza kazi yangu. Shangazi wa Kitonga hapewi, huonyesha. Kitu chochote atakachokinyoshea kidole, kuanzia hapo ni chake, na hakuna wa kumkatalia. Nikajaribu kwa kijiko kilichokuwa mezani. Kikasimama wima.

"Abee, shangazi," kikasema, na kuanzia hapo kilinifuata kila nilikokwenda.

Safari ya kumfuata bibi harusi ikaanza. Rundo langu lilitembea lenyewe, taratibu, kama tembo aliyeshiba. Mbele yetu walibebwa nguruwe wawili wa kuchoma juu ya sinia, mmoja wa Kitonga na mmoja wa Kichina, na walikuwa wakizungumza.

"Kwetu tunapelekwa thelathini kwa mara moja," alisema wa Kitonga. "Tunalazwa kwenye majani, watu wanatoa hotuba juu yetu."

"Mimi nakwenda peke yangu," alisema wa Kichina, "lakini nina utepe mwekundu, na ngozi yangu ukiigusa inalia kama biskuti."

"Mmechomwa kwa sababu gani?" nikawauliza.

"Kwa heshima," wakajibu wote wawili.

"Mimi ni Msabato. Sili nguruwe."

Wakatazamana. "Tunashukuru," akasema wa Kitonga, na wa Kichina akaniinamishia kichwa mpaka limau likamtoka mdomoni.

Bahari ikaisha bila taarifa. Sasa tupo kwenye uchochoro wa mawe, mbele ya nyumba yenye mlango mwekundu uliobandikwa karatasi za dhahabu. Ndani kuna wasichana wanacheka. Bwana harusi Lopeti, kijana mwenye mabega ya kubebea friji, anasimama mbele ya mlango.

"Nani?" mlango unauliza.

"Lopeti. Nimemfuata Yulan."

"Na yule juu kule, mbona amevaa blauzi nyeupe? Nani amefariki?"

"Hakuna," nikasema. "Kwetu nyeupe ni ya sherehe."

Mlango ulikwishaanza kulia. Tulisubiri umalize. Ulipojipangusa, ukamgeukia Lopeti.

"Imba."

Lopeti akaimba. Ana sauti nene ya kwaya, mpaka vigae vikatikisika.

"Tena. Sasa piga pushapu. Bibi harusi anavaa kiatu namba ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Bahasha."

Akatumbukiza bahasha nyekundu ya pesa kwenye tundu la ufunguo. Mlango ukaitafuna. "Ya pili," ukasema. Akaitoa. "Ya tatu." Akaitoa. "Ya tano."

"Na ya nne?" nikauliza.

Wingu dogo likaja likamnyeshea mzee mmoja peke yake, aliyekuwa hana kosa.

"Namba hiyo hatunayo," mlango ukasema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa nayo zamani. Inasikika kama kifo, tukairudisha."

Bahasha za Lopeti zikaisha. Nyimbo zikaisha. Alikuwa amepiga pushapu mia mbili, suruali imepasuka. Akakaa kwenye kizingiti, akaniinulia uso, na mtu mzima yule alikuwa karibu kulia.

"Shangazi," akaniambia, "nampenda kweli. Ila sijui tena mlango huu unataka nini."

Nikautazama ule mlango. Nikaunyoshea kidole.

"Wewe ni wangu."

"Mimi ni wa ukoo wa Guo, mwaka wa mia mbili sasa," mlango ukasema.

"Ulikuwa."

Ukahema. Bawaba zikaachia moja moja. Ukatoka mahali pake, ukaja kusimama nyuma yangu, pembeni ya kijiko. "Abee, shangazi."

Watonga walipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia hata uwanja wa mpira.

Yulan akatoka na gauni jekundu lililotariziwa ndege. "Asanteni," akasema. "Nimekaa kitandani tangu alfajiri, miguu imekufa ganzi." Wakashikana mikono na Lopeti, wakasahau kwamba tupo.

Sebuleni birika kubwa la shaba lilikuwa juu ya jiko la mkaa, miwani puani, linasoma orodha.

"Tuanze chai," likasema. "Maharusi watapiga magoti. Babu wa kwanza. Bibi wa pili. Baba wa tatu. Mama wa tano." Na kila aliyeitwa alikaa, akaandaliwa kikombe. Mjomba mmoja mwenye haraka alichukua kikombe kabla ya zamu yake, na chai ikaruka kutoka kikombeni ikarudi ndani ya birika.

Nikauliza kutoka juu, "Na shangazi wa bibi harusi yuko wapi?"

Yulan akainamisha macho. "Yuko nje," akasema. "Getini."

Nikachungulia. Pale getini, ambapo nilikuwa nimepita bila kuona mtu, alisimama mwanamke mwembamba wa umri wangu, koti la bluu limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, mkononi ana kifurushi cha kitambaa. Mbele ya viatu vyake kulikuwa na dimbwi la maji, si kubwa kuliko sinia.

"Dada, karibu ndani!" nikampazia sauti.

"Siwezi," akasema. "Haya maji."

"Yaruke."

"Hayarukiki. Nimejaribu."

Dimbwi likajisafisha koo. "Mimi nilimwagwa siku alipoolewa," likasema. "Beseni moja, hapahapa, gari lake lilipoondoka. Maana yake ni kwamba ametoka, kwao sasa ni kwingine. Huu ni mwaka wa thelathini na tano. Ningekauka, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kazi yangu imekwisha."

"Na kaka yako anasemaje?" nikamuuliza yule mwanamke, Shangazi Guo.

"Hunipungia mkono kutoka sebuleni. Si mtu mbaya. Hunieleza kwamba nimependeza." Akakishika vizuri kifurushi chake. "Yulan alikaa kwangu miaka sita, wazazi wake walipokwenda kufanya kazi mjini. Mimi ndiye niliyemfundisha kusuka nywele. Nimemletea tende nyekundu za mti wangu, za kutia kwenye chai. Nilitaka tu nizitie mimi mwenyewe."

Nikageukia birika. "Shangazi wa bibi harusi ni wa ngapi?"

Birika likashusha miwani. "Wa kumi na tatu. Chai ikibaki. Na tangu nianze kazi hii, chai haijawahi kubaki."

"Nini?" Lupe akasimama. "Kwetu shangazi ni wa kwanza!"

"Kwetu utaratibu ni utaratibu," akasema kaka yake Shangazi Guo, baba wa Yulan, bila kumtazama mtu machoni.

Hapo sakafu ikapasuka. Ufa ulianzia chini ya birika, ukapita katikati ya maharusi, Watonga huku na Wachina kule, na Lopeti na Yulan wakaachana mikono kwa sababu mikono yao haikutosha. Mkaa ukaanza kuzima.

"Chai ikipoa," birika likatangaza, "harusi hii haijawahi kuwepo. Nitaanza kuwasahau mmoja mmoja. Wewe mwenye suruali iliyopasuka, jina lako nani?"

"Lopeti," akasema Lopeti, na sauti yake ilikuwa imefifia nusu.

Nikanyosha kidole kuelekea getini. Lakini paa la geti lilikuwa kati yangu na yale maji, kidole kikaliangukia paa, na paa likasema, "Abee, shangazi," likaja kusimama na mlango.

"Kutoka huku juu silengi dimbwi dogo hivyo, lazima nishuke," nikauambia mkeka wangu wa kiunoni.

"Ukishuka hupandi tena," mkeka ukasema. "Na chini kule kidole chako ni kidole tu. Nguvu ni ya hili rundo, si yako."

Nikashuka. Nilishuka kwa matako, mkeka baada ya mkeka, mbele za watu wa mataifa mawili, goti langu la kushoto linalia kwa sauti yake yenyewe. Nikavuka ua. Nikasimama mbele ya dimbwi, uso kwa uso na Shangazi Guo. Tulikuwa kimo kimoja.

Nikanyosha kidole. "Wewe ni wangu."

Maji hayakusogea. Nyuma yangu mtu alicheka, nadhani ni yule mjomba wa haraka.

Nikavuta pumzi. Nikasema kama ninavyosema shambani ng'ombe wa jirani akiingia kwenye tangawizi yangu.

"Sikiliza. Mimi si wa kukodishwa. Mimi ni Nakiete, dada yake Mbonea, shangazi wa Nanzia. Nilimbeba Nanzia mgongoni akiwa na surua. Jina lake nilimpa mimi. Hakuna beseni la maji linaloweza kunitoa kwenye hilo, na hakuna ratiba. Na huyu ni mwenzangu. Kazi yako imekwisha. Rudi kwenye beseni."

Maji yakatetemeka. Yakajikusanya pembezoni, yakainuka, yakawa na umbo la mtu aliyekaa chini muda mrefu na anatafuta mahali pa kushika.

"Abee, shangazi," yakasema. "Nilikuwa nasubiri hilo tu."

Yakatembea mpaka ndani, yakajimimina kwenye beseni, na kutoka kwenye beseni yakaingia ndani ya birika bila kudondoka hata tone. Mkaa ukawaka wote kwa mara moja. Mvuke ukatoka ukafuta miwani, ukafuta orodha, ukaacha karatasi nyeupe.

Shangazi Guo akapiga hatua. Kiatu chake kikalia juu ya jiwe kavu, ko. Akasimama kusikiliza sauti ile. Akapiga nyingine. Alipofika kizingitini kaka yake alikuwa amekwishainuka kutoka kwenye kiti, na alikuwa akilia waziwazi kama mlango.

"Dada," akasema, "sikujua kama ninaruhusiwa kukuita."

"Ungejaribu," Shangazi Guo akamjibu, akampa koti lake amshikie.

Ufa ukajifunga. Lopeti akapata jina lake na sauti yake. Birika likatutazama sisi wawili tulivyokaa bega kwa bega, likakohoa.

"Sasa wa kwanza ni nani?"

"Wote wawili," akasema Yulan.

"Sijawahi kumimina mara mbili kwa wakati mmoja."

"Utajifunza," nikaliambia.

Birika likafikiri. Upande wa pili likaota mdomo mwingine, mpya, unang'aa.

Fataki zikalipuka. Watonga wakajipaka mafuta ya nazi wakacheza kwa mikono, bibi wa Kichina akacheza na mlango, na nguruwe wote wawili wakashuka kwenye sinia zao wakashikana. Kwenye ule ukuta wa matofali, uliokuwa umetufuata mpaka hapo, dirisha dogo likafunguka, na kichwa cha Mbonea kikatokea.

"Dada, nimesikia yote," akasema. "Niambie nikuandike namba ngapi. Ya nne iko wazi, hapa hakuna anayeitaka."

"Andika ya kwanza. Na uandike kwamba nitaongea dakika kumi na tano."

"Kumi na tano," Mbonea akarudia, akilamba ncha ya kalamu.

Lopeti na Yulan wanapiga magoti mbele yetu. Yulan ananishikia kikombe kwa mikono miwili. Shangazi Guo anafungua kifurushi, anatia tende zake mwenyewe, moja kwangu, moja kwake. Zina ngozi nyekundu iliyokunjamana, nusu tende nusu kunazi.

"Shangazi, karibu chai," Yulan anasema, na sisi wawili tunaitika pamoja.

Nakunywa. Ni tamu mpaka kwenye masikio. Natafuna tende, nazungusha macho kutafuta pa kutemea kokwa kwa adabu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na jirani alikuwa anafagia uwanja. Sikunawa uso, sikuvaa kandambili. Nikachukua simu nikampigia kaka.

"Mbonea, nakuja kwenye harusi. Nitasimama mbele, wa kwanza, niseme na mwanangu. Dakika kumi na tano."

Nikajiandaa kwa maneno ya kamati. Hayakuja. Upande wa pili nilisikia kiti kikivutwa na karatasi ikifunuliwa.

"Sawa, dada," akasema. "Wa kwanza. Nimeshafuta keki ya kulishana." Nikasikia kalamu ikikwaruza. "Lakini mbona unaongea kama una kitu mdomoni?"

Nikatema kiganjani. Ilikuwa kokwa ndogo, ya kahawia, imechongoka ncha zote mbili. Kokwa ya tende ina mfereji, hii haikuwa nao. Kokwa ya kunazi ni ya mviringo, hii haikuwa hivyo. Nami tangu chakula cha Jumamosi mchana sikuwa nimetia kitu kinywani.

"Si kitu, kaka," nikamwambia. "Nimemaliza kunywa chai."